Mnyama Akifa Ghafla: Machozi, Lawama na Ramli

Katika vibanda vya kubeti vya jijini Mwanza, mbio za farasi hazina msimu. Kwenye skrini farasi wa kompyuta hutoka kwa pamoja, huzunguka uwanja na kumaliza, na dakika chache baadaye kundi jingine liko tayari kwenye mstari. Mkeka ukichanika, mwenye nao huguna na kupapasa mfuko kuona kilichobaki. Farasi hao hawavunjiki miguu, hawapasuki mishipa. Kwa vijana wengi wa Kanda ya Ziwa ndio farasi wa mbio pekee wanaowajua, kwa hiyo habari kwamba farasi wa kweli amedondoka na kufa uwanjani huko Australia au Uingereza, na watu wazima wakabubujikwa machozi, hupokewa kama kichekesho: Wazungu wamemwekea mnyama matanga.

Kichekesho hicho kinaficha swali linalowahusu sana watu wa ziwani. Mnyama anayetumikishwa na binadamu, awe farasi wa mamilioni au punda wa kubeba maji Misungwi, akifa ghafla huacha maswali matatu papo hapo. Amekufa kwa nini? Nani atajibu? Mzoga ufanyweje? Machozi, hasira na kejeli zinazofuata hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Kinachoamua kama kifo hicho kitabadilisha chochote ni kama yupo mwenye ujuzi aliyeitafuta sababu na kuiandika. Pasipo huyo, kila upande hujipigia ramli yake.

Farasi wawili wa Kingaru

Farasi hakuwahi kuwa mnyama wa mwambao wa Ziwa Victoria, na sababu kubwa ni mdudu. Mbung'o hubeba vimelea vya nagana, ugonjwa unaowakondesha na kuwaua farasi na ng'ombe. Misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na bara ilitegemea mabega ya wapagazi, na punda wachache waliovumilia njia. Ndivyo ilivyokuwa hata katika safari iliyomfikisha John Hanning Speke upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alipoliona ziwa na kulipa jina la malkia wake.

Miaka 13 baadaye Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta David Livingstone, aliamua kujaribu bahati. Mwaka 1871 aliondoka pwani na farasi wawili: mmoja wa Kiarabu aliyepewa na Sultani Barghash wa Zanzibar, mwingine zawadi ya mfanyabiashara Mmarekani. Wote wawili walifia Kingaru, kituo cha mwanzoni kabisa mwa safari.

Kwa simulizi ya Stanley mwenyewe, farasi wa Sultani alipokufa yeye alimpasua tumbo kutafuta sababu. Alikuta minyoo mingi, akaona amepata jibu. Kisha akaamuru askari wake wachimbe shimo refu mbali kidogo na kambi na kumfukia, ili uvundo usiwadhuru watu. Hapo ndipo shauri lilipozuka. Mkuu wa Kingaru alikuja juu: mgeni amezika mnyama katika ardhi ya watu bila kuomba ruhusa, na faini yake ni doti mbili za kitambaa cha merikani. Stanley akajibu kwa ujanja: kama kosa ni kuzika, basi askari wamfukue farasi na kumrudisha juu ya ardhi alikofia. Majembe yalipoanza kazi, mkuu akalegeza kamba, na farasi akaachwa kaburini. Haukupita muda mrefu, wa pili naye akafa.

Stanley aliliandika tukio hilo kwa kumcheka mkuu wa Kingaru, kana kwamba alitafuta nguo za bure tu. Hoja ya mzee huyo ilikuwa na uzito kuliko alivyokubali mwandishi. Mzoga hautoki na msafara. Unabaki katika ardhi ya wenyeji, karibu na maji yao, na fisi watakaoufukua watapita kwenye mazizi yao. Aliyeuleta ana wajibu wa kuuliza kabla ya kuuacha. Yale maswali matatu, sababu, wajibu na mzoga, yalikuwa yamekwisha kukutana kwenye shimo moja.

Na kisu cha Stanley kilikuwa kikitafuta jibu tumboni tu, kwa sababu wakati huo hakuna aliyejua pa kutafuta pengine. Katika miaka ya 1894 na 1895 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alichunguza damu ya wanyama waliokuwa wakifa Zululand, Afrika Kusini, akakuta vimelea na kuvihusisha na mbung'o. Mwaka 1903 Bruce huyohuyo alikuwa Entebbe, ufukwe wa kaskazini wa ziwa hilihili, akionyesha kuwa mbung'o ndiye anayeeneza pia malale, ugonjwa uliokuwa ukiteketeza watu wa Busoga na visiwa vya jirani kwa makumi ya maelfu. Kupasua peke yake hakutoshi. Anayepasua lazima awe na elimu ya kujua anachokitafuta.

Moyo unaposimama

Farasi wa mbio hufa uwanjani kwa njia mbili kuu. Ya kwanza, inayotokea mara nyingi zaidi, ni kuvunjika mguu. Mfupa hukatika katika kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na kwa kuwa mguu wa mnyama wa karibu kilo 500 ni mgumu sana kuungwa, daktari humdunga sindano ya kumuua bila maumivu. Ya pili ni kifo cha ghafla chenyewe. Hakuna jeraha linaloonekana; farasi huyumba, hupiga magoti, na kufa.

Moyo wa farasi wa mbio una uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Akiwa zizini hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika; akiwa katika kasi ya juu hupita mara 200. Mapigo yanaweza kuvurugika, mshipa mkuu unaweza kupasuka, damu inaweza kujaa mapafuni. Mara nyingi madaktari humpasua farasi wa namna hii wasione sababu ya wazi, maana mvurugiko wa mapigo hauachi alama kwenye nyama. Hapo ndipo maneno ya watu hupata nafasi.

Tarehe 1 Novemba 2005, huko Exeter, Uingereza, farasi Best Mate alisimamishwa na joki wake kabla ya kumaliza mbio. Joki akashuka, na muda mfupi baadaye farasi akaanguka na kufa, inavyoaminika kwa shambulio la moyo. Huyu alikuwa ameshinda Kombe la Dhahabu la Cheltenham miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2002 hadi 2004. Magazeti yalimwandika kama mtu mashuhuri aliyefariki, na majivu yake yakazikwa Cheltenham karibu na mstari wa ushindi. Katikati ya maombolezo palikuwa na minong'ono pia: mapema mwaka huohuo alikuwa amepasuka mshipa mazoezini na kukosa mashindano makubwa, sasa kwa nini hakustaafishwa?

Huko Verona, Italia, tarehe 6 Novemba 2011, farasi Hickstead alianguka uwanjani baada ya kumaliza kuruka vizuizi mbele ya umati, na mpanda wake, Eric Lamaze wa Kanada, akiwa naye. Wawili hao walikuwa wametwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008. Uchunguzi ulionyesha mshipa mkuu wa damu ulipasuka. Wapanda farasi wenzake waliomba mashindano yasiendelee, wakasimama kimya kwa dakika moja, na siku ikaishia hapo. Wapinzani waliokuja kugombea ushindi ndio waliosema hawawezi kuendelea.

Melbourne, Australia, tarehe 4 Novemba 2014, mambo yalikwenda kinyume kabisa. Admire Rakti, farasi wa Japani aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda, alimaliza wa mwisho katika mbio za Melbourne Cup na kufa bandani dakika chache baadaye, moyo ukiwa umeshindwa. Katika mbio hizohizo farasi mwingine, Araldo, alishtushwa na bendera ya mtazamaji wakati akirudi bandani, akavunjika mguu, naye akauawa kwa sindano. Sherehe iliendelea na vikombe vikakabidhiwa. Waliokuwa wamempa Admire Rakti fedha zao walikuwa wameanza kumlaumu kwa kukimbia vibaya kabla hawajasikia kwamba amekufa.

Ukiviweka vifo hivi pamoja, mambo mawili hujitokeza. La kwanza ni uzito wa jina. Umati humlilia mnyama ambaye jina lake limesomwa magazetini, aliyewapa watu fedha au fahari. Admire Rakti alitajwa kwenye vichwa vya habari duniani kote. Araldo alitajwa chini yake. Farasi wanaokufa katika mbio ndogo za katikati ya wiki, mbele ya watazamaji wachache, hupita bila hata mstari mmoja.

La pili ni mgawanyo wa lawama. Watu wa mbio husema farasi alikufa akifanya kazi aliyoipenda, na kwamba hakuna farasi anayetunzwa vizuri kama wa mbio. Watetezi wa wanyama hujibu kwamba farasi hakuombwa ridhaa, na kwamba asingekuwa na mtu mgongoni mwenye kiboko angepunguza mwendo mwili ulipomwambia. Kila upande una sehemu ya ukweli, na kila upande huutumia mzoga uleule kama ushahidi wake.

Mfano mzuri ni mbio za Grand National za Aprili 2023 huko Aintree, Uingereza. Wanaharakati wa kundi la Animal Rising waliingia uwanjani, mbio zikachelewa, polisi wakakamata zaidi ya watu 100. Zilipoanza, farasi Hill Sixteen alianguka kwenye kizuizi cha kwanza na kufa. Mkufunzi wake aliwalaumu waandamanaji kwa kumtia farasi wahaka. Waandamanaji walisema kilichomuua ni mbio zenyewe, na kwamba wangeachiwa wazizuie angekuwa hai. Maelezo mawili yanayopingana yalitolewa kabla mtaalamu hajapata muda wa kuandika neno.

Waliofungua daftari

Vilio hivyo vimeleta nini? Historia ya miaka 20 hivi inaonyesha kwamba machozi peke yake yalikauka haraka, na kwamba mabadiliko yalikuja pale vifo vilipoanza kuhesabiwa kwa utaratibu unaofanana na kuwekwa hadharani.

Mwezi Mei 2008 farasi jike Eight Belles alimaliza wa pili katika Kentucky Derby, Marekani, kisha akaanguka miguu yote ya mbele ikiwa imevunjika, akauawa palepale mbele ya kamera za taifa zima. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwezi uliofuata Bunge la Marekani liliita kikao kuhusu usalama wa farasi. Lakini urithi wa kudumu wa kipindi hicho ni kanzidata ya majeraha ya farasi, iliyoanza kukusanya takwimu za viwanja vingi mahali pamoja. Mwaka 2009 ilionyesha vifo 2.00 kwa kila farasi 1,000 walioingia mbioni. Mwaka 2023 idadi ilikuwa 1.32.

Kati ya miaka hiyo palikuwa na Santa Anita, California, ambako farasi 30 walikufa katika msimu mmoja, kuanzia Desemba 2018 hadi Juni 2019. Uwanja ulifungwa kwa muda mwezi Machi, masharti ya dawa na viboko yakakazwa, na jimbo likatunga sheria iliyoipa bodi ya mbio mamlaka ya kusimamisha mashindano mara moja. Mwendesha mashtaka alichunguza na kusema hakukuta jinai. Mwishoni mwa mwaka 2020 ikapitishwa sheria ya nchi nzima, na chombo kipya cha kusimamia usalama kikaanza kazi Julai 2022. Australia nayo, baada ya farasi Anthony Van Dyck kufa katika Melbourne Cup ya mwaka 2020, iliweka masharti ya kuwapiga picha za mifupa farasi wanaotoka nje kabla ya kuruhusiwa kushindana. Aintree ilipunguza washindani wa Grand National kutoka 40 hadi 34 kuanzia mwaka 2024.

Wapinzani wa mbio wana jibu kwa haya yote, na si jibu jepesi. Takwimu nzuri zinaweza kugeuzwa ngao: kiwango kimeshuka, kwa hiyo tuendelee. Mwaka 2023, huku wastani wa Marekani ukiwa chini kuliko wa mwaka 2009, farasi 12 walikufa ndani ya wiki chache katika uwanja wa Churchill Downs, na mbio zikahamishiwa uwanja mwingine. Daftari halijibu swali la kama binadamu ana haki ya kumkimbiza mnyama kwa ajili ya kamari. Linachofanya ni kumnyima kila upande nafasi ya kubuni.

Mbio za huku kwetu

Afrika Mashariki ina mbio zake. Klabu ya kwanza ya mbio za farasi iliundwa Kenya mwaka 1903, na uwanja wa Ngong jijini Nairobi umekuwa ukitumika tangu 1954. Ni dunia ndogo yenye watazamaji wake, na nchi jirani huisikia kwa mbali.

Lamu ina mbio zinazowahusu Waswahili wote. Katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, punda ndiye lori, na mbio za punda za wakati wa Maulidi hukusanya mji mzima. Jambo la kuzingatia ni kwamba tangu 1987 shirika la The Donkey Sanctuary lina kituo cha tiba mjini humo, na mji una pia mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri zaidi. Kijana anayetaka sifa kwa kasi ya punda wake anaishi jirani na mtu anayempima punda huyo meno, kwato na vidonda vya mgongoni. Punda akianguka, yupo wa kuulizwa.

Kakamega, magharibi mwa Kenya, mapigano ya mafahali yana majina makubwa na wafuasi wengi, na sheria yake ni ya kimila. Mnamo Januari 2024 Seneta Boni Khalwale, mpenzi mashuhuri wa mchezo huo, alieleza kwamba fahali wake amemuua mtunzaji wake, naye Seneta akamchoma fahali huyo mkuki. Taarifa hiyo ilizua mjadala mrefu, na mzozo juu ya kilichomuua mtunzaji ulitulia kidogo tu pale daktari alipoufanyia mwili uchunguzi.

Upande wa Mwanza, Wasukuma hushindana kwa ngoma kuliko kwa wanyama. Makundi ya ngoma ya Wagika na Wagalu hugombea umati huko Bujora wakati wa sikukuu ya Bulabo, na chatu anaweza kuingizwa uwanjani kama silaha ya kuwanyang'anya wapinzani watazamaji. Wanyama wanaofia kazini kwa wingi wako nje ya uwanja: maksai wa kuvuta plau na tela, na punda wa ndoo na magunia.

Kibudu, kimeta na ramli

Chukua kijiji chochote kati ya Magu na Kwimba. Maksai aliyekuwa akilima asubuhi anaanguka na kufa kabla ya jua la saa sita. Swali linalowahi ni la mzoga, maana nyama ina thamani na jua halingoji. Kwa Muislamu jibu liko wazi: aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi. Kwa wengine, ng'ombe wa laki kadhaa hawezi kutupwa hivihivi. Visu vinatoka, nyama inagawanywa au kuuzwa kimyakimya kwa kuwa haina muhuri wa mkaguzi.

Hapo ndipo hatari inapojificha. Kifo cha ghafla cha ng'ombe, hasa damu isiyoganda ikitoka puani au sehemu ya haja, ni dalili mashuhuri ya kimeta. Mzoga wa kimeta haupasuliwi kabisa: ukifunguliwa, vijidudu vyake hujigeuza mbegu ngumu zinazoweza kuishi ardhini kwa makumi ya miaka. Unatakiwa kuteketezwa au kuzikwa kwa kina na chokaa. Novemba 2023, wilayani Kyotera, Uganda, mpakani na mkoa wa Kagera, watu walioshika na kula nyama ya mizoga waliugua na wengine kufa, na kabla maabara hazijataja kimeta, wapo waliosema ni uchawi. Yule mkuu wa Kingaru aliyedai kuulizwa kabla ya mzoga kuingia katika ardhi yake angeelewana vizuri na daktari wa mifugo wa leo.

Sababu nyingine ni za kawaida zaidi: ndigana, sumu ya dawa za pamba, radi, kuumwa na nyoka, au mnyama aliyedhoofika kiangazi kisha akafungwa plau mvua za kwanza zilipoanguka. Kuzitenganisha kunahitaji bwana mifugo kufika mapema, sampuli kuchukuliwa na maabara kuzipima. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mwanza. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka magonjwa ya hatari yatolewe taarifa. Kinachopungua ni safari kati ya kijiji na maabara: mwenye ng'ombe tayari amepata hasara, na kupiga simu kunaweza kumletea amri ya kufukia nyama yote na mifugo iliyobaki kuwekwa karantini. Kukaa kimya kunamlipa zaidi.

Bwana mifugo asipofika, mwingine atafika. Kanda ya Ziwa inajua gharama ya jambo hili kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Kwa miongo kadhaa vifo visivyoelezeka, vya watoto, vya watu wazima na vya mifugo, vimepelekwa kwa wapiga ramli chonganishi, na jina lililotoka huko mara nyingi lilikuwa la bibi kizee jirani mwenye macho mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa maisha yote. Mauaji ya vikongwe Shinyanga, Mwanza na Geita yameandikwa sana, na Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kufuatia pia mauaji ya watu wenye ualbino. Marufuku inaweza kumfunga mganga. Swali lililompeleka mteja kwake, ng'ombe wangu amekufa kwa nini, linabaki bila wa kulijibu.

Kwa kipimo hicho, Aintree na Kwimba zina undugu. Mkufunzi anayemlaumu mwandamanaji, mwandamanaji anayemlaumu mkufunzi, na mfugaji anayemtazama jirani yake kwa jicho baya, wote wanajaza nafasi ambayo uchunguzi haujaijaza. Tofauti ni kwamba Aintree daktari yuko uwanjani kabla ya mbio kuanza, na lawama huishia kwenye vyombo vya habari. Kwimba lawama inaweza kuishia na panga.

Punda wa Shinyanga

Punda ni kisa cha peke yake. Hakuna anayempigia vigelegele, na kifo chake hakitangazwi, lakini kaya hukitambua siku ileile: ndoo zinarudi kichwani kwa mama na mabinti, gunia la mahindi linahitaji fedha za bodaboda kufika mashineni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inamlinda dhidi ya mateso na kufanyishwa kazi kupita uwezo wake. Vidonda vya mgongoni vinavyoonekana njiani mchana kweupe vinaonyesha sheria hiyo imefika wapi.

Kilichomfanya punda azungumziwe bungeni na kwenye mikutano ya marais ni hesabu. Mahitaji ya ejiao, dawa ya jadi ya Kichina inayotengenezwa kwa ngozi ya punda, yalileta machinjio Shinyanga na Dodoma, na manne nchini Kenya. Bei ilipanda, wizi ukaongezeka, wenye punda wakaamka asubuhi na kukuta mazizi matupu. Malalamiko yao yalisikika kama kero za vijijini mpaka takwimu zilipotoka. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilikuta punda milioni 1.8; ya mwaka 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Mwaka 2020 Serikali ya Kenya ikapiga marufuku uchinjaji huo, ingawa mwaka uliofuata mahakama iliitengua amri hiyo. Tanzania, yenye punda zaidi ya 600,000, ilitangaza Desemba 2021 kuusimamisha kwa miaka 10. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

Upo upande wa pili ambao haupaswi kufichwa. Machinjio yaliajiri watu, na kwa mfugaji mwenye punda mzee au mgonjwa palikuwa na mnunuzi. Marufuku imemwondoa mnunuzi huyo bila kumleta daktari. Punda anayekufa kwa kupigwa au kubebeshwa kupita kiasi leo haonekani katika takwimu zozote za biashara, na ndiye aliyesahaulika zaidi katika mjadala mzima.

Muda wa marufuku ya Tanzania utakwisha Desemba 2031, na wa Umoja wa Afrika mwaka 2039. Wakati huo watakuwapo watakaotaka biashara irudi na watakaotaka ifungwe moja kwa moja, na kila kambi itadai inamsemea punda. Halmashauri za Mwanza, Shinyanga na Simiyu zina muda wa kutosha wa kujiandaa kwa gharama ndogo: daftari la kijiji lenye safu za mnyama aliyekufa, mahali, kazi aliyokuwa akifanya na alichokikuta bwana mifugo, simu ya maabara ya Mwanza kwenye jalada, na fidia kidogo kwa anayetoa taarifa ya kimeta ili kunyamaza kusimlipe kuliko kusema. Fidia hiyo ndiyo ngumu kuliko yote, kwa sababu ndiyo pekee inayohitaji fedha kwenye bajeti, na bila hiyo safu za daftari zitabaki wazi.